Darasani Hatuvuni

Kuna watu hapa Bellevue, Johannesburg, wanaomwita mtakatifu. Mimi simo. Nilifundisha chini yake miaka miwili na nusu, nikala dengu zake, nikavaa sweta lake Julai moja baridi iliponizidi, na bado akitajwa damu inanichemka. Wanaomsifu ni wengi na wana midomo mipana, kwa hiyo na mimi naomba zamu yangu. Alikozaliwa na ukoo wake hakukunihusu, wala yeye hakupenda kuulizwa. Watanzania tulimwita Mwalimu, Wakongomani walimwita Madame, watoto waliozaliwa hapahapa walimwita Teacher, naye aliitikia yote matatu kwa sauti ileile ya mtu aliyekatizwa kazi.

Darasa lake lilikuwa sebule ya nyumba kuukuu iliyokatwa vyumba kwa mbao. Nyuma alikaa fundi cherehani kutoka Uvira, ghorofani familia mbili za Warundi, na mbele, palipokuwa na dirisha kubwa na ubao, walisoma watoto kumi na wanane waliorudishwa milangoni mwa shule za mtaa. Wengine makaratasi yao ya ukimbizi yalikwisha muda, wengine hawakuwahi kuwa nayo. Alikuwa anawafundisha kusoma, kuandika, hesabu na Kiingereza, ili siku karatasi itakapopatikana mtoto asikae na wadogo zake darasa la kwanza.

Viatu vilivuliwa mlangoni. Hiyo aliileta kutoka India, alikofundisha akiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, kanisa lake lilipompeleka akajitolee. Huko joto lilikuwa linapasua vichwa na sakafu ya baridi ilikuwa neema. Hapa Johannesburg, asubuhi ya Juni, sakafu ile ilikuwa inauma mpaka magotini. Mama mmoja alilalamika, Mwalimu akamwambia, "Mnunulie soksi," akageukia ubao. Hakuwa na mdomo wa asali hata kidogo. Wanaosema alikuwa mpole nadhani walimwona akiwa amelala.

Chai aliichemsha na maziwa na tangawizi mpaka ikawa nzito, akaimimina kwenye bilauri ya chuma, na aliinywa bila kugusa midomo. Aliinyanyua juu, akainamisha kichwa nyuma, chai ikashuka kama uzi moja kwa moja kooni. Watoto walikuwa wanaacha hesabu kumtazama. Mvulana mmoja wa Kirundi alijaribu na maji akajilowesha kifua kizima, akasema, "Eish, Teacher, hii ni ya maprofessional." Mwalimu alicheka siku ile. Namkumbuka akicheka mara tatu au nne tu.

Na kichwa chake! Huko India walimwambukiza kutikisa kichwa kando kwa kando, taratibu, kumaanisha ndiyo, nimesikia, haya. Miaka arobaini ilipita na hakuacha. Siku moja alikuja mama kutoka Lubumbashi, msusi, amemshika mwanawe mkono. Akasema, "Madame, minakuomba, mutoto anakaa tu ku nyumba, mwaka wa pili huu." Mwalimu akatikisa kichwa kando kwa kando huku anatafuta kalamu ya kuandika jina. Alipoinua macho mlango ulikuwa wazi na mama hayupo. Alitoka mbio bila viatu, akamkuta kwenye robot, taa za barabarani, nyekundu imewaka, analia na kumwambia mwanawe watajaribu kwingine. "Nimesema ndiyo!" Mwalimu alifoka katikati ya magari. "Wewe ulikuwa unatazama wapi?" Mama wa watu akaomba radhi. Ndivyo alivyokuwa: anakosea yeye, anaomba radhi mwingine.

Mimi nilimfuata kwa sababu ya hadithi zake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Morogoro kuja kwa shangazi yangu, nimeokoka, nina moto, natafuta pa kuuwasha. Jumapili moja baada ya ibada nilimsikia akisimulia: mvua ilivyokuwa ikipiga bati la shule mpaka sauti ya mwalimu haisikiki, naye anafundisha kwa kuandika tu, watoto arobaini kimya wakimsoma mkono, kuhani wa hekalu la jirani alivyowaazima mabenchi, naye akamwazima kengele ya shule kwa sherehe zao, akina mama walivyokuwa wakimshika nywele na kumuuliza mume yuko wapi. Nilisikiliza mate yakinitoka. Nilitaka kuwa yeye. Nilimwambia nataka kujitolea niende India. Akanitazama viatu. "Anza Bellevue," alisema. "Kesho saa moja na nusu. Ukichelewa usije."

Siku ya kwanza alinipa chaki na makatazo. Hakuna kupiga mtoto. Hakuna kumpiga mtoto picha. Hakuna kuchukua mtoto kwenda kutoa ushuhuda, hakuna kusimulia habari za mtoto kanisani, kwa jina au bila jina. Hakuna kusali na watoto.

Hilo la mwisho lilinishangaza, maana yeye mwenyewe alikuwa mwombaji. Kila asubuhi kabla ya watoto kufika alijifungia chumbani kwake dakika ishirini, na fundi cherehani aliniambia kupitia ukuta wa mbao alikuwa akisikia kilio. Kisha alitoka uso mkavu, akapiga kengele. Kanisani alikaa kiti cha karibu na mlango, na mahubiri yalipopita nusu saa alisinzia waziwazi. Mchungaji alipenda kumkumbusha kwamba shamba la Bwana limeiva na wavunaji ni wachache. Naye alijibu neno lilelile kila mara, hata mbele ya wageni kutoka ng'ambo: "Darasani hatuvuni."

Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa adabu, nikamuuliza kwa mzaha, nikamuuliza siku tuliyokuwa tunafua mapazia pamoja na mikono yetu imo kwenye ndoo moja. Jibu lilikuwa, "Kwa sababu nimesema." Mimi mtu mzima, niliyeacha kazi ya saluni ya shangazi nimsaidie bure, nilijibiwa kama mtoto wa chekechea. Mvua, kengele na kuhani vyote nilisimuliwa, tena mara kumi kumi. Hilo moja hapana.

Basi njooni kwa binti mmoja wa darasani. Jina lake silisemi.

Alikuwa na miaka tisa, mama yake mjane wa Kiislamu kutoka Tanga. Mama aliuza chai, maandazi na wali wa nazi kwa watu wa maofisini, kando ya njia kule Marshalltown. Chumba walichoishi kilikodiwa kwa jina la shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwenye duka la vitambaa Mayfair. Bila shemeji yule mama asingekuwa na pa kulala, na kila mtu alijua hivyo. Binti alikuja hajui herufi. Miezi mitano baadaye alikuwa akinisomea kwa sauti vibandiko vya matangazo kwenye nguzo za umeme: waganga, wanaokodisha vyumba, wanaotengeneza friji. Hakuna mtoto aliyewahi kunipa furaha kama ile. Jumapili mama yake alikwenda Mayfair kupika kwenye shughuli za watu, kwa hiyo binti alishinda kwangu. Mama aliniamini. Alisema, "Nyie wa kwa Mwalimu mna mipaka."

Ikaja Jumapili ya Shukrani. Siku hiyo kila kikundi cha kanisa huleta mbele matunda ya mwaka, na Mchungaji aliniita ofisini kuniuliza darasa letu litaleta nini, maana miaka yote halileti kitu na watu wanauliza. Mwalimu alikuwa kitandani na homa. Nikajiambia: picha sipigi, ushuhuda sitoi. Binti atasoma tu. Nikachagua zaburi moja fupi, kwa werevu wangu wa kijinga, nikidhani nimeona mbali. Zaburi ni ya Nabii Daudi, na Waislamu Daudi wanamwamini. Nani atakasirika?

Nilimuuliza kama anataka. Akasema anataka, lakini anaona aibu. Alisimama akaenda mbele, akasoma kwa Kiswahili, akasoma kwa Kiingereza, polepole, kidole kwenye mstari. Mtu wa kiti cha mbele alimrekodi kwa simu tangu alipoitwa. Mimi machozi yalinitoka. Kisha Mchungaji akanyanyuka, akamwekea mkono kichwani na kushika kipaza sauti.

"Bwana Yesu asifiwe! Mtoto huyu ametoka nyumba ya Kiislamu! Ya Kiislamu, wapendwa! Leo amepatikana!"

Vigelegele. Watu walipanda juu ya viti, simu hewani. Binti alinitafuta kwa macho, anatabasamu, akidhani wanashangilia kusoma kwake. Nilikuwa na nafasi ya kwenda mbele, kushika kile kipaza sauti na kusema uongo huo uishie hapohapo. Nilipiga makofi. Mchungaji sitamsamehe, lakini makofi yale yalikuwa yangu.

Jumatano baba mdogo wa binti alipiga hodi. Nilitegemea matusi. Alivua viatu bila kuambiwa, akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kifuani.

"Mwalimu," alisema, "wenzangu Mayfair walinionya. Mimi nikawaambia yule Mwalimu ana dini yake lakini hamgusi mtoto wa mtu. Niliwaambia kwa kinywa changu, msikitini. Sasa wamenionyesha simu."

Mwalimu alikuwa amesimama na shuka mabegani, homa haijamtoka. "Kosa ni langu," alisema.

"Wewe sikukuona mle. Nimemwona huyu." Akanielekeza kidevu.

"Huyu nilimtuma mimi. Alifuata nilichomwagiza."

Uongo mtupu! Nami nikausikia, nikautazama ukipita mbele yangu, nikanyamaza. Yule baba akasema binti atakwenda Tanga kwa bibi yake, mzaa baba, akalelewe huko. Hakupandisha sauti. Alimuaga Mwalimu kwa heshima zote, na heshima ile ilituchoma zaidi ya matusi.

Aliyetukana ni mama. Alikuja jioni ileile, kanga imemtoka kichwani. "Wewe Mwalimu ni mnafiki! Mwanangu nilikupa asome, hukupewa umgawe! Nitabaki na nani mie hapa?" Mwalimu alisimama akapokea neno baada ya neno. Mimi nilikuwa nimeegemea ubao. Mama hakunitazama hata mara moja, na mimi, Mungu anajua, nilishukuru.

Alipoondoka nikamgeukia Mwalimu. Sikumshukuru.

"Nilikukataza," alisema.

"Hukuniambia kwa nini!"

"Futa ubao. Kesho kuna hesabu."

Nikaitupa dasta ukutani, nikachukua viatu vyangu na kutoka nimevibeba mkononi. Wiki mbili baadaye binti alipandishwa basi. Sikwenda kumuaga. Nilimwambia shangazi ninaumwa.

Miaka mitatu nilizunguka na hasira ile. Nilipata kazi kwenye kituo cha watoto wadogo Yeoville, karibu tu, na nilikuwa nikizunguka mtaa mzima ili nisipite nyumba ile. Marshalltown nilikuwa sikanyagi kabisa. Ilikuwa rahisi kumchukia yeye. Kila nilipoanza kufikiria mdomo wangu uliofungwa, nilifikiria wake, na moto ukahamia kwake.

Mwaka huu, mwezi wa nne, fundi cherehani alinikuta dukani akaniambia, "Madame alifunga masomo. Miguu yake haimubebe tena." Nikaenda. Sikwenda kumwona mgonjwa. Nilikwenda kugomba.

Alikuwa ameketi kitandani, amekonda, miguu imevimba. Nikamwamkia, akaitikia. Bila kukaribishwa kukaa nikamuuliza swali langu lilelile la miaka yote. Safari hii alijibu.

Alisema kule India alikuwa anaandika barua kila mwezi kwenda kanisani kwao, za kuombewa, nao walikuwa wanazichapa kwenye jarida lao. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana wa miaka kumi na mitatu, mwenye akili kupita wote. Msichana alimwomba amwazime Biblia, kwa sababu ndicho kitabu pekee chumbani kwa Mwalimu chenye picha. "Mimi nikaandika ameokoka," alisema. "Nikaandika jina lake na kijiji chake. Nikatia na picha. Barua nyingine hazikuwa na habari, watu nyumbani walikuwa wanangoja habari." Baadaye wageni kutoka kwao walikuja kutembelea shule, wakaja na majarida kama zawadi, wakagawa. Baba wa msichana hakujua kusoma, lakini picha aliiona. Msichana alitolewa shuleni ikiwa imebaki miezi miwili afanye mtihani, akaozwa mji mwingine. Hekalu likarudisha ile kengele, ujirani ukaisha. Mwalimu akahamishwa shule, akamaliza muda wake, akarudi nyumbani.

"Walinipokea kwa ngoma," alisema.

"Anaitwa nani?"

"Nililitaja jina lake mara moja kwa watu wasiohusika."

Nilipiga kelele. Fundi aliacha kushona, nilisikia cherehani ikinyamaza. Nilimwambia miaka miwili na nusu umenilisha mvua na mabati na kuhani, na hiki umekikalia! Neno moja tu, Mwalimu, siku ile tunafua mapazia, na binti wa watu angekuwa kwa mama yake! Ulikuwa unalinda nini?

Hakulia, wala hakunitolea aya. Ningependelea aya, ningeitupa dirishani.

"Ulivyokuwa unanitazama," alisema. "Nilipenda ulivyokuwa unanitazama."

"Kwa hiyo binti ameondoka ili mimi niendelee kukutazama vizuri."

"Ndiyo."

Hakuna aliyewahi kunijibu hivyo, moja kwa moja, na sikujua niipeleke wapi hasira yangu. Yeye alikuwa tayari anatafuta viatu chini ya kitanda kwa ncha ya mguu.

"Unakwenda wapi na miguu hiyo?"

"Marshalltown. Yule wa India sikumrudia, sikuandika hata mstari. Huyu mama yuko palepale. Umekwenda?"

Nikainama nikamtolea viatu.

"Basi nishike mkono."

Tulimkuta kwenye kona yake, chupa za chai zimepangwa, sufuria ya wali imefunikwa kitambaa, anamfungia mteja chakula. Alipotuona hakuacha kazi. "Shikamoo Mwalimu," alisema, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, na akamsogezea ndoo iliyopinduliwa aikalie. Mimi hakunipa kitu.

Mwalimu akaanza, "Mama, lile kosa langu..."

"Siyo lake," nilisema. Sauti ilinitoka kubwa, mteja akageuka. "Alinikataza. Alikuwa kitandani, hakujua. Nilimpeleka mimi, na aliposema ni yeye nikanyamaza."

Mama alimpa mteja chakula chake, akafuta mikono kwenye kanga.

"Nilijua," alisema. "Mie ile video ninayo. Mwanangu anagoma kwenda mbele, anashika kiti. Kuna mkono unamsukuma mgongoni. Una bangili hiyo hiyo."

Nilitazama mkono wangu. Nimewaambia alisimama akaenda mbele. Ndivyo nilivyokuwa nikijisimulia mpaka nikaamini.

"Miaka mitatu nakungoja uje useme," alisema. "Mwenzio mzee kabeba mzigo wako, wewe unapita mbali."

Nikamuuliza kwa nini ameiweka video ile. Nilidhani atasema ushahidi.

"Nikipiga simu Tanga ananiamkia, kisha anampa bibi yake simu. Hana maneno na mie tena. Kusoma kwake ninako humu tu." Akatoa simu chini ya kitambaa, akaiweka juu ya sufuria.

Sauti ya binti ilitoka ndogo, magari yanapita. Alisoma Kiswahili chote. Kwenye Kiingereza alikwama kwenye neno moja, akarudi nyuma, akalisoma upya, akalipata. Mwalimu alikuwa ameinama, sikio karibu na simu, midomo yake inafuata. Binti alimaliza. Kidole cha mama kilikuwa tayari juu ya kioo, na ulipoonekana mkono wa Mchungaji ukija kichwani, akabonyeza.

"Hapa ndipo ninapozima," alisema, akairudisha kwenye mstari wa kwanza.